Uzi: Kuagiza gari Japani kwa ajili ya soko la Mbeya. Anzia kwa fundi, tovuti ifuate

MtuWaUyole (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu kuna nyuzi nyingi za "niagize gari gani", na majibu ni yale yale: chukua IST, chukua Harrier, chukua Crown. Wengi wanaojibu wako Dar, na kwa mtu wa Dar majibu hayo yako sawa. Mimi niko Mbeya. Naagiza gari nne mpaka sita kwa mwaka, nazitoa bandarini, nazipandisha huku na kuziuza. Naandika kwa ajili ya mwenzangu wa mkoani mwenye mtaji wa gari moja au mbili, ambaye akikosea mara moja tu, pesa yote imelala.

Hoja yangu ni moja. Gari ya biashara inachaguliwa gereji na barabarani, pale pale ulipo. Ukishajua soko lako linataka nini na fundi wako anaweza nini, ndipo unafungua tovuti. Wengi tunaanza na picha, tunavutiwa, halafu tunatafuta sababu za kujiridhisha.

Gari yangu ya tatu ndiyo iliyonifumbua macho. Ilikuwa ya Ulaya iliyotumika Japani, cc 1400 yenye turbo, viti vya ngozi, kilomita elfu 58, gredi 4.5 ya ukaguzi wa mnada. Chapa siitaji kwa sababu gari yenyewe haikuwa na kosa lolote. Niliinunua kwa bei ya chini kuliko IST ya wakati ule, nikajiona nimeokota. Ikakaa kwangu miezi tisa. Watu walikuja, wakafungua mlango, wakakaa, wakasifia, wakashuka. Kuna mzee mmoja mfanyabiashara wa viazi aliizunguka mara mbili, akanyanyua boneti, akampigia fundi wake na kumsomea jina la gari lililoandikwa nyuma. Akasikiliza muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akashusha boneti taratibu kwa mikono miwili, akaniambia, "Kijana, gari nzuri. Ila fundi wangu anasema hiyo hajawahi kuifungua." Akaaga. Nikaishia kuirudisha Dar na kuiuza kwa hasara ya milioni mbili na ushee.

Tangu hapo, kabla sijaagiza chochote naenda Uyole, pale njia ya Tukuyu inapoachana na ya Dar, nakaa asubuhi nzima nikihesabu. Nani anapita na nini, amebeba nini. Utaziona Probox na Succeed zimeinama nyuma kwa viazi na ndizi. Utaona Noah, Hiace za abiria wa Tukuyu na Kyela, Canter, na IST za watumishi zinazoelekea mjini. Kila gari unayoiona mara ishirini ina maana ishirini za spea: kuna mtu anauza vifaa vyake, kuna fundi anaijua kwa kuigusa tu, na siku ikipata ajali kuna taa yake na bampa yake mahali. Gari unayoiona mara moja, mwenye nayo anasubiri kifaa kitoke maduka ya spea ya Gerezani, Dar, kwa basi la usiku, na mara nyingine kinakuja siyo chenyewe.

Kutoka hapo naingia gereji, nikiwa na soda mbili mkononi, na swali langu kubwa ni hili: gari gani imelala hapa inasubiri kifaa, na imelala tangu lini? Majibu yake yananisaidia kuliko tovuti kumi.

Jambo la pili ni milima. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza sehemu ya nguvu zake hata kama ni nzima kabisa. Ukitoka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, mpaka ufike Uyole umepanda zaidi ya mita 1,000. Gari ya cc 1000 yenye silinda tatu, mfano Passo yenye injini ya 1KR, inamtosha mwalimu anayetoka Iyunga kwenda Mwanjelwa na kurudi. Ijaze watu wanne na gunia la mchele, uipandishe Tukuyu, utasikia inavyolia. Mteja wa huku anajua hilo, na ndiyo maana swali lake la kwanza ni "cc ngapi?". Ukimjibu 1300 au 1500, mazungumzo yanaendelea.

Kwa hiyo mimi nachagua injini kwanza, bodi baadaye. 1NZ ya cc 1500 iko kwenye IST, Probox, Raum, Spacio, na Fielder. Mabodi tofauti, injini ile ile. Plagi, pampu ya maji, mpaka injini nzima ya mtumba, unapata Mbeya hapa hapa. Mteja akiniambia hapendi umbo la Raum, namwonyesha Spacio. Gari imebadilika, biashara ya spea imebaki ile ile.

Nitaendelea na ushuru na karatasi ya mnada kwenye komenti, maana hapo ndipo pesa inapopotelea.

BintiKyela

Ndaga fijo, kaka. Mimi na mume wangu tuna duka la jumla Kyela, tumejichanga milioni 18 na tunataka gari ya kubebea mzigo wa duka na kwendea kanisani. Shemeji yetu wa Dar anatushauri tutafute gari isiyozidi miaka saba kwa sababu haina ushuru wa uchakavu. Ni kweli gari ya karibuni inatoka kwa bei nafuu?

MtuWaUyole

Dada BintiKyela, shemeji yako yuko sahihi nusu. Ngoja nipige hesabu hapa hapa ili na wengine waone.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli mpaka Dar. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa kufuatana na ukubwa wa injini: mpaka cc 1000 hakuna, kuanzia 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni asilimia 10. Halafu uchakavu: gari ya kutembelea ya miaka 8 mpaka 10 inatozwa asilimia 15, ikizidi miaka 10 asilimia 30. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Kuna na tozo ndogo ndogo kama ya reli, nimeziacha. Viwango vinaweza kuguswa kila bajeti inapopita, na sheria mpya inaanza Julai mosi, kwa hiyo siku ya kuagiza fungua kikokotoo cha TRA, watu wa mapato, usitegemee komenti yangu.

Chukua gari ya cc 1500 yenye zaidi ya miaka 10, CIF milioni 7. Forodha 1,750,000. Ushuru wa bidhaa 437,500. Uchakavu 2,625,000. VAT 2,126,250. Jumla 6,938,750. Yaani kodi karibu inalingana na gari yenyewe.

Sasa chukua ya miaka saba, cc hizo hizo, CIF milioni 12. Forodha 3,000,000, ushuru wa bidhaa 750,000, uchakavu hakuna, VAT 2,835,000. Jumla 6,585,000.

Umeona? Kodi zimekaribiana sana. Tofauti ni kwamba ya kwanza imekutoka milioni 13.9 na ya pili milioni 18.6, kabla ya gharama za bandari, wakala wa forodha, bima, na mafuta ya kuipandisha Mbeya. Kwa milioni 18 zenu hiyo ya pili haiwezekani, na mkiilazimisha mtakwama na gari ikiwa bandarini, siku zinahesabika na gharama za kuhifadhi zinapanda. Hiyo ndiyo sababu IST za mwanzo, ambazo zilitengenezwa 2002 mpaka 2007 na zote zinabeba uchakavu wa asilimia 30, bado zinaingia nchini kila siku.

Jambo la kushika sana: TRA wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika. Ukiokota gari kwa bei ya kutupa, ankara yako haiwalazimishi, wanaweza kukadiria kwa thamani iliyo kwenye mfumo wao. Kwa hiyo unaanza na kikokotoo, weka aina, mwaka na cc, tazama kodi, ndipo urudi mnadani ujue dau lako liishie wapi. Mimi siku hizi sitii dau kwenye gari ambayo kodi yake sijaiona kwa macho.

Kwa duka na kanisa, ningewaambia Probox au Succeed ya cc 1500. Nyuma inalala bapa, inabeba katoni za sabuni vizuri, na siku mkitaka kuiuza haimalizi wiki mbili. Wengine watasema haina sura. Mteja wa Kyela anatazama springi za nyuma.

Fundi_Mafiati

Mkuu umeongea ukweli mtupu. Mimi ni fundi, niongeze kuhusu gia boksi maana hilo linaua gari nyingi huku.

IST za mwanzo, Raum, Spacio, zina gia boksi ya kawaida ya gia nne. Ukija kwenye Fielder za kuanzia 2006, na IST ya pili kwa wingi wake, unakutana na CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. CVT siyo mbaya. Ubaya ni kwamba ina mafuta yake maalumu, na mafundi wengi mikoani wakimwaga wanajazia haidroliki ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani na bei yake ni ya chini. Gari inatoka gereji inatembea vizuri. Baada ya miezi michache inaanza kuvuta kwa kigugumizi mlimani, mwisho inagoma kabisa, na mwenye gari anaapa kwamba gari za aina hiyo ni mbovu.

Mkimuuzia mtu gari ya CVT, mwandikieni kwenye karatasi aina ya mafuta na mbandike chini ya boneti. Ninawaomba sana. Nimeona watu wazima wakitokwa machozi gereji.

Na zile injini za D4 zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwenye Noah za AZR60 na baadhi ya Rav4, ni nguvu nzuri na ulaji mzuri, lakini zinahitaji mafuta safi na mtu wa kuzisafisha kitaalamu. Mteja anayejaza kwenye madumu kijijini mwelekezeni kwingine.

MtuWaUyole

Fundi, asante sana. Hilo la kubandika karatasi chini ya boneti naanza nalo gari inayofuata.

Sasa karatasi ya mnada. Ukinunua Japani kupitia mnada, kila gari inakaguliwa na kupewa karatasi yenye gredi na mchoro wa gari umetandazwa kama ngozi ya mbuzi. Dalali wa mtandaoni atakutajia gredi tu. Omba karatasi yenyewe, na tazama mchoro. A ni mikwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa: A1 hata hutaiona, A3 utaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Gredi R maana yake iligongwa ikatengenezwa. Gari za R siziogopi zote, kuna za kubadilishwa kipande kidogo tu cha mbele, lakini kama huna mtu wa kukusomea maelezo ya Kijapani pembeni, zipite.

Herufi ninazoziogopa ni S na C. Hizo ni kutu na kutu iliyokula. Kaskazini ya Japani, Hokkaido, Aomori, mpaka Niigata, theluji inaanguka nyingi na barabara zinamwagiwa chumvi. Juu gari inang'aa kama jana, chini imeliwa. Nililala chini ya moja pale bandarini na tochi ya simu, nikagusa bomba la breki kwa kucha, likamomonyoka kama biskuti iliyolowa. Kilomita zake zilikuwa elfu 41. Kwa hiyo kilomita chache zisikulevye. Dai picha za chini, na uliza namba yake ya usajili ya Kijapani ilikuwa ya mji gani.

Kuhusu kilomita zenyewe: Japani gari inafanyiwa ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, mara ya kwanza ikitimiza miaka mitatu, baadaye kila miaka miwili, na kilomita zinaandikwa. Cheti cha kusafirishia gari nje kinabeba kilomita hizo. Linganisha na picha ya dashibodi. Dashibodi ikisoma chini ya cheti, funga ukurasa huo.

Msafiri_Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Nasoma huu uzi kwa makini ingawa huku kwetu mambo ni tofauti kidogo. Gari ikizidi miaka minane hairuhusiwi kuingia Kenya, na lazima ikaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Hivyo hizo IST za 2005 mnazoleta nyinyi, sisi tunaziona tu zikiwa na namba zenu. Faida yake ni kwamba gari zetu ni za karibuni. Hasara ni bei, mwananchi wa kawaida anabaki kununua iliyokwisha kutumika hapa hapa. Probox lakini hata huku ni mfalme, mashambani ndiyo matatu, ndiyo lori, ndiyo ambulansi.

Kijana_wa_Tunduma

Bosi, swali. Kila siku naona gari nzuri zinapita hapa Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Kwa nini tuhangaike na meli wakati mzigo unapita mlangoni?

MtuWaUyole

Mdogo wangu, hizo ni za transiti. Zimeingia nchini kwa dhamana kwamba zitatoka, na ushuru wa Tanzania haujalipwa hata senti. Mtu akikuuzia moja kichochoroni umenunua kesi. Hutapata kadi, hutapata namba, na siku ukikamatwa gari inaondoka na wewe unabaki na maelezo ya kutoa. Kaa mbali nazo kabisa.

Mama_Hiace

Naomba unisaidie mwanangu. Nina Hiace moja inafanya Mbeya–Tukuyu, nataka kuongeza ya pili. Nichukue ya dizeli au petroli? Na nimeona Hiace nyingi kwenye tovuti ni nafuu lakini hazina viti.

MtuWaUyole

Shikamoo mama.

Zisizo na viti ni zile za kubebea mizigo, Japani zinatumiwa na mafundi ujenzi na wasambazaji. Unaweza kuileta na kuchomelea viti hapa, wengi wanafanya hivyo, ila piga hesabu ya viti, mikanda, na madirisha kabla hujafurahia bei. Na kabla ya fundi kuanza kuchomelea, nenda LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, ukaulize idadi ya viti na mpangilio wanaoukubali kwa njia yako, usije ukang'oa ulichokwisha kulipia.

Dizeli au petroli: kwa mlima wa Tukuyu na gari iliyojaa, dizeli ina mvuto na ulaji mzuri. Lakini KDH, yaani Hiace za umbo jipya zilizoanza 2004, zina nozeli za kisasa zinazoendeshwa kwa umeme na hazivumilii dizeli yenye maji. Nozeli zikifa zote nne, faida ya miezi kadhaa imekwenda. Petroli, yaani Hiace za TRH zenye injini ya 1TR, inakula zaidi ila matengenezo yake ni ya kawaida. Kama dereva wako ni mwaminifu, anajaza kituo kile kile na anabadilisha chujio kwa wakati, chukua dizeli. Kama dereva anabadilika kila miezi mitatu, chukua petroli, mama, utalala usingizi.

Nisahihisheni wenye Hiace, mimi za abiria nimeleta mbili tu.

Fundi_Mafiati

Hapo uko sawa. Niongeze tu, mama, chujio la dizeli la KDH lina sehemu ya kukamulia maji chini. Mwambie dereva alikamue. Wengi hawajui hata kama ipo.

Mwalimu_Isyesye

Nilinunua gari yangu ya kwanza kutoka Japani mwaka jana, niko nayo vizuri, ila kuna kitu hakuna aliyeniambia. Redio inaishia 90. Stesheni zote ninazozipenda ziko juu ya hapo. Na skrini inaongea Kijapani tu.

MtuWaUyole

Mwalimu, pole, ni za Japani zote hizo. FM yao inaanzia 76 na redio nyingi za zamani zinaishia 90, sisi tunatumia 88 mpaka 108. Kuna kifaa kidogo cha kubadilisha masafa kinafungwa nyuma ya redio kwenye waya wa antena, fundi umeme wa magari anakifunga haraka. Kuhusu skrini, nyingi zimejifunga zinadai kadi ya ramani ya Kijapani. Mimi naing'oa na kuweka redio ya kawaida kabla mteja hajaja kuona gari, maana mteja anayewasha redio akasikia kelele za kukwaruza tu anaanza kuhisi na injini ina tatizo.

BintiKyela

Kaka nimerudi. Tumepata Succeed cc 1500, gredi 4, kilomita elfu 87, kodi tumeiona kwenye kikokotoo tunaimudu. Nikaomba picha za chini kama ulivyosema. Muuzaji alisita siku mbili, leo ametuma. Bomba la moshi lina kutu ya kahawia, na pale springi za nyuma zinaposhikia bodi kuna mabaka yanayobanduka. Namba yake ya Kijapani ilikuwa ya Sapporo. Mume wangu anasema ni kutu ya kawaida, tupige rangi.

MtuWaUyole

Dada, bomba la moshi lisikutishe, hilo linabadilishwa. Ila hapo kwenye springi ndipo mzigo wote wa duka lenu utakapokaa, na Sapporo ni Hokkaido kwenyewe. Rangi itaficha tu. Mwambie mumeo samahani, muiache. Tafuteni iliyosajiliwa Kyushu, Fukuoka au Kagoshima, hata ikiwa na kilomita elfu 120. Mkiipata nitumie karatasi ya mnada hapa hapa kabla hamjalipa, tuisome pamoja na Fundi.